Hicho hakihesabiki

Jumamosi imepita, leo ni Jumatano usiku, na neno lile bado lanizunguka kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Nimeosha vyombo nalo. Nimepanda matatu nalo asubuhi na jioni. Wiki yenyewe imekuwa na mambo yake, posa ya mdogo wangu imepokewa, ofisi imetuhamisha na makabati yetu yote hadi ghorofa ya tatu, lakini mimi nikifumba macho naona ule ukuta wa pwani wa Mama Ngina, hapa Mombasa, tu, kipande cha muhogo mkononi, na mdomo wangu ukisema ulichosema.

Mnazijua Jumamosi zetu. Baada ya alasiri tunakutana upande wa mibuyu, sisi tunaopenda vitabu vya sayari na majini na uchawi, tunanunua mihogo ya ndimu na pilipili, tunakaa ukutani kuangalia meli zikiingia Kilindini, na kila mtu anataja anachokisoma. Sharti ni kutaja kilichoko mkononi sasa hivi, si cha mwaka jana wala kile unachopanga kukinunua, na useme umefika wapi. Kwa wiki nzima nikiwa ofisini nahesabu makasha na kugonga mihuri, hiyo saa moja na nusu ndiyo ninayoingojea.

Mwalimu alianza. Yuko kwenye kile cha kwanza cha Earthsea, cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968, na amefika pale kijana mchawi anapoandamwa na kivuli alichokifungulia mlango mwenyewe. Mwalimu husoma polepole, kurasa kumi kwa siku, kisha hutuhadithia kama aliyerudi safari. Alitueleza habari ya majina: huko visiwani kila kitu kina jina lake la kweli, na alijuaye ana nguvu juu ya kitu hicho, kwa hivyo watu huyaficha majina yao. Nesi akadakia kwamba bibi yake aliwakataza kuitika usiku wakisikia wanaitwa, mpaka waitwe mara ya tatu. Tukanyamaza kidogo sote. Nyakati kama hizo ndizo zinazonifanya niwapende watu hawa.

Halafu Kijana wa Kisauni. Yeye anarudia Dune, na huyu akianza Dune humnyamazishi. Aliyekiandika, Frank Herbert, alikuwa Mmarekani, kitabu kikatoka 1965, na Kijana hajamaliza kushangaa kwamba jangwa lile la kubuniwa limejaa maneno aliyoyasikia tangu akiwa mdogo chuoni kwa maalim. Mahdi. Jihadi. "Lisan al-Gaib," akasema, mkono umemsimama hewani na muhogo wake. "Lisani, ya ghaibu! Nani anitafsirie hapo? Mimi nilikuwa nshafika kabla yao!" Macho yalimwaka. Nami nilifurahi naye, wallahi, kwa sababu ndiye aliyeniazima kitabu kiitwacho Binti, cha Nnedi Okorafor, mwaka juzi, nilipokuwa sina hamu ya kitu chochote, na yule binti wa Kihimba aliyejipaka udongo wa kwao na kuondoka usiku kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine ndiye aliyenirudisha kwenye kusoma.

Nesi ana zamu ya The House of Rust, ile nakala yetu moja inayozunguka mpaka jalada limekuwa laini kama kitambaa. Amefika pale Aisha anapotoka baharini na chombo cha mifupa na paka msemaji kumtafuta babake mvuvi. Tumeshakisoma karibu sote, na kila mara akitajwa Khadija Abdalla Bajaber hapo ukutani mtu hujinyoosha mgongo, maana ni mwenzetu wa Mombasa, na ile tuzo iliyopewa jina la Le Guin, mara ya kwanza kabisa kutolewa, mwaka 2022, ilikuwa yake. Fundi wa simu hajasoma kitu, ana mtoto mchanga. Tukamsamehe.

Kisha ikaja zamu yangu.

"Wewe je, da, wasoma nini?" Kijana akaniuliza.

"Nasoma Walenisi."

"Walenisi? Aa, hicho cha skuli." Alicheka, si kwa ubaya. "Hicho hakihesabiki, da. Taja kitabu."

Nami nikasema, "Basi, Binti. Nakirudia."

Hivyo tu. Mwalimu akauliza jambo kuhusu Binti, nikajibu, jua likashuka, tukaagana. Sijakigusa Binti tangu kabla ya Ramadhani.

Usiku ule nilimkasirikia yeye. Jumapili nikawa nayarudia maneno yake kwa sauti mbalimbali, nikitafuta dharau ndani yake, sikuiona. Ni kijana wa miaka ishirini na tatu aliyesema alichofundishwa. Jumatatu, kwenye matatu, ndipo nilipotambua kwamba linalonichoma si lake. Ni langu. Ni ile "basi". Mtu husema basi anapoweka mzigo chini. Mchuuzi akikataa bei yako mara ya tatu unasema basi. Mimi nilisema basi kwa kitabu cha marehemu baba, mbele ya watu wanne, kwa sababu ya kicheko cha nusu dakika.

Maana ni chake, kile nilichookota kwenye kasha la vitabu lililobaki chini ya ngazi. Chapa ya 1995, jalada la nyuma halipo, na katikati kuna ukurasa uliokunjwa pembe. Nimeuacha ulivyo. Naruka ule mkunjo kila ninapofika hapo, kama mtu anavyomruka aliyelala mkekani.

Na ni kitabu hasa! Hili ndilo nililopaswa kulisema ukutani. Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii hii, mwanasosholojia, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, aliandika kisa cha mtu aliyehukumiwa kufa na akarushwa angani ndani ya chombo ili asirudi, akafika nchi ambayo watu wake hawakandamizani, inayoitwa Walenisi. Lisome jina polepole: wale ni sisi. Na huyo msafiri wa angani hakupewa jina la kigeni. Anaitwa Dzombo, jina ulisikialo ukielekea Kwale. Hebu niambieni, kama hicho si kitabu chetu sisi wa pale ukutani, ni cha nani?

Nadhani najua kilichotufanya hivi. Riwaya za Kiswahili tulikutana nazo darasani, na darasani tuliulizwa dhamira, maudhui, sifa za wahusika, jadili ufaafu wa anwani. Tulisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi nzima inayoelea hewani, wajumbe wanatumwa pande zote nne, mmoja anatumwa mbinguni na mmoja ardhini, na hakuna mtu aliyetuuliza: je, nchi hiyo unaiona? Ukiwa ukingoni mwake ukichungulia chini utaona nini? Tulipigia mstari tamathali za usemi. Dune ingefundishwa hivyo, kwa alama ishirini, Kijana wa Kisauni asingekuwa na mkono umesimama hewani. The House of Rust nacho kina bahari yetu, papa wetu, paka wetu wa Mji wa Kale, na hakuna aliyesema hakihesabiki, kwa sababu hakuna aliyekifanyia mtihani. Hilo lanihuzunisha kuliko kicheko chenyewe.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu jana usiku, nimejaa uchungu, mama akaniita.

Mnajua macho yake yalivyo tangu mwaka jana, mtoto wa jicho yule. Herufi hazioni tena. Kwa hivyo baada ya isha namsomea, kurasa mbili tatu, yeye kwenye kitanda cha kamba akimenya mbaazi kwa kupapasa. Hapo mwanzo nilimsomea magazeti, akachoka, akasema yote ni kelele za wanasiasa. Vile vya Kiingereza sikuweza kumsomea. Nilijaribu kumtafsiria kimoja, nikawa najikwaa kila sentensi, akaniambia, "Pumzika, mwanangu, wabeba mawe." Walenisi nilikichukua kwa ajili yake. Hili nalo sikulisema ukutani.

"Jana tuliachia wapi?"

"Dzombo ashatiwa chomboni, mama."

"Hicho chombo kina sukani?"

Nikacheka. "Chaenda angani, mama."

"Ndiyo nakuuliza. Baharini ukipotea waweza kutupwa pwani. Huko juu pwani iko wapi? Nani ashikaye sukani?"

Nikarudi nyuma kurasa mbili nikaanza kutafuta. Yeye hakungoja.

"Na upepo? Babu yako alikuwa akienda Lamu na kusi, akirudi na kaskazi. Akichelewa, akae huko mpaka upepo ugeuke. Sasa huyu huko aliko hakuna kusi wala kaskazi. Atageukaje?"

Niliweka kitabu chini. Mwezi uliopita Kijana wa Kisauni alitumia nusu saa nzima kutueleza jambo hilo hilo, na michoro kwenye vumbi kwa kijiti: kwamba mahali pasipo hewa wala maji huna cha kusukumana nacho, kwa hivyo chombo lazima kibebe chake cha kutupa nyuma ili kiende mbele, na kikiisha, kimeisha. Sisi tukatikisa vichwa kama wanafunzi. Na mamangu, umri wa miaka sabini na mbili, ambaye hajapata kusikia habari ya roketi ila kwenye redio, amefika hapo kwa kufuata babake nahodha.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akasikiliza, vidole vinaendelea na mbaazi.

"Kwa hivyo ni kama mtu abebaye upepo wake ndani ya gunia," akasema.

"Ndiyo, mama. Hasa."

"Basi gunia liwe kubwa. Soma."

Nikasoma kurasa kumi na moja. Koo lilikauka. Nilipofika kwenye ule ukurasa uliokunjwa nilisita, akaniuliza kwani kuna nini, nikamwambia. Akanyoosha mkono, nikampa kitabu, akaipapasa ile pembe kwa kidole gumba, akaifuata mpaka mwisho wake. Kisha akanirudishia. "Soma, twende mbele yake," akasema. Tukapita.

Nimelala usiku wa jana kama mtoto. Leo kazini nilikuwa naimba. Nilikuwa nikijiambia neno "chombo" peke yangu kati ya makabati, chombo cha jikoni, chombo cha baharini, chombo cha angani, na kila nikilisema naona kwamba mama hakuhitaji kuvuka popote kumfuata Dzombo. Neno lilikuwa limeshamvusha. Alipolisikia aliona mlingoti na foromali, na kutoka hapo akaanza kuuliza maswali ya fundi.

Saa saba mchana nilimtumia Kijana ujumbe wa sauti. Nilirekodi mara nne. Ya kwanza ilikuwa na lawama, nikaifuta. Iliyokwenda ni fupi: "Mdogo wangu, Jumamosi nilikudanganya. Sisomi Binti. Nasoma Walenisi, namsomea mama, tumefika nusu, na mama ana swali kuhusu gunia la upepo ambalo nadhani wewe ndiye wa kulijibu. Ukipata nafasi njoo jioni moja, mbaazi zipo." Ameshausikiliza, naona alama. Hajajibu. Ana mitihani wiki hii, na hata asipojibu, Jumamosi zamu yangu ikifika nitataja kile kile na nitasema tumefika wapi.

Ningelala sasa, ila maji. Mfereji umekauka siku ya nne leo, tangi la juu nikiligonga lalia tupu mpaka chini kabisa, na Ijumaa upande wa mume wa mdogo wangu wanakuja, watu arobaini kwa uchache, masufuria mawili ya pilau na vyoo vya nyumba nzima. Mwenye mkokoteni ameniahidi mitungi ishirini, lakini nasikia jirani wa pembeni naye ana maulidi na ameshamwekea pesa mkononi. Itanibidi niamke saa kumi nimvizie pale kwenye kona kabla hajapinda kichochoro chao.