Barafu stoo, Sinza

Jamani, naandika mikono bado haijatulia.

Kazini kwetu Sinza tuna mitungi ya kaboni dayoksaidi, ile gesi ya kusukuma bia ya bomba. Inakaa stoo ya nyuma, chumba kidogo, dirisha lenyewe limezibwa na makreti.

Mchana dogo kaenda kubadilisha mtungi. Kimya. Namwita, haitiki.

Nafungua mlango, namkuta kachuchumaa, kashika kichwa, anahema kama aliyekimbia kutoka Ubungo. Mpira umechomoka, gesi inafoka. Na pale kwenye koki, kwa joto hili la Dar, barafu nyeupe imeganda kama ya friza.

Nikabana pumzi, nikamvuta kwa kola hadi uani. Nimeambiwa baadaye nilikosea, waokoaji wengi huangukia humo humo.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, inatuama chini. Pale alipochuchumaa ndipo ilipojaa. Ikifika asilimia 10 ya hewa, dakika chache tu umezimia.

Lakini kinachonirudia ni vidole vyake. Viwili, vyeupe kama nta. "Kaka, sivisikii." Gesi hii ikifoka kwenye mtungi inaweza kufika nyuzi 78 chini ya sifuri. Tukaviweka kwenye maji ya uvuguvugu, bila kusugua, tukapanda bajaji hadi hospitali.

Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Makreti nimeyatoa jioni hii hii.

Wenye baa na mashine za soda, mitungi yenu inakaa wapi? Dirisha lipo? Niambieni hapa.