Nilivyowaachia wanangu washike hela zao wenyewe

Huku Masasi hela inakuja kwa mkupuo, minada ya korosho ikianza tu mwezi wa kumi basi mpaka Krismasi kila mtu anayo, foleni benki mpaka nje, pikipiki mpya, shughuli kila wikiendi, afu ukifika mwezi wa pili watu walewale wanakopa unga dukani. Ndo maana niliamua wanangu wajifunze kukaa na hela wakiwa bado mikononi mwangu, kijana yuko kidato cha pili na mdogo wake wa kike cha kwanza, wakikosea wakosee na elfu kumi na sio na milioni ya korosho.

Tulianza na matumizi ya shule. Zamani nilikuwa natoa buku kila asubuhi, mtoto anapokea anakula imeisha, hapo anajifunza nini? Nikawa nawapa ya wiki nzima, walivyozoea nikawapa ya mwezi, humohumo chai ya shule, sabuni, kalamu, kunyoa, bando. Sare na matibabu ni vyetu mimi na baba yao.

Sharti ni moja, ikiisha imeisha.

Na kwa kijana iliisha mapema kweli, kaona raba za mtumba sokoni akazibeba, mwezi haujafika hata nusu hana kitu. Kaja jikoni, "Mama niongezee kidogo tu ntakulipa." Nikamwambia mwanangu hapa chakula kipo hutalala njaa, ila ya mwezi huu ulishapewa. Iliniuma jamani. Asubuhi akawa anabeba muhogo wa kuchemsha. Daftari la fizikia nalo likajaa, akakusanya kurasa tupu za madaftari ya mwaka jana, akachukua ile sindano kubwa ya kushonea magunia akazishona kwa uzi, akalitumia mpaka mwezi ukaisha. Sikusema neno.

Wagumu zaidi ni ndugu. Kwetu mjomba ana nguvu kwa watoto wa dada yake, kaka yangu alikuwa anamrushia kijana elfu tano kimyakimya. Nikampigia, kaka nakuomba, ukitaka kumpa subiri msimu uje umpe kazi shambani kwako. Akanielewa.

Ila shule kubwa ilikuwa korosho zenyewe. Kila mmoja tulimpa mikorosho yake michache, anaokota, anatenganisha na bibo (lile tunda lake), anaanika na kuchambua mwenyewe, zinapimwa kando afu zinaenda AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, pamoja na zetu. Na hapo lazima usubiri, maana toka mfumo wa stakabadhi ghalani uanze huku 2007 mzigo unakaa ghalani mpaka mnada upite na hela inaingia benki baadaye. Kijana alitaka kumpelekea mtu wa kangomba, wale wanaonunua mtaani kwa kupima na bakuli, apate keshi hapohapo. Nikakaa nae, nikachukua bakuli tukapima kwenye mizani ya nyumbani akaona mwenyewe bakuli wanaloliita kilo linavyokula zaidi ya kilo, na nikamwambia pia ni kosa kisheria. Akasubiri.

Hela ilipoingia nikawawekea karatasi mezani. Binti akauliza, "Mbona mnada bei ilikuwa kubwa kuliko hii?" Basi tukapitia makato moja moja, ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, usafiri, na zake zilizoshuka daraja kwa sababu alizianua hazijakauka vizuri. Nilifurahi kupita kiasi, kuna watu wazima wanauza miaka yote hawajawahi kuuliza.

Laini ya kijana nimesajili kwa NIDA yangu maana hajafika 18, so mkopo wowote wa simu unaniangukia mimi, hilo nimewaambia wazi na kubeti pia hapana, hapo hakuna uhuru wa kujaribu.

Msimu unaokuja kijana ameomba aongezewe mikorosho ile ya bondeni. Baba yake kakubali, ila mpulizaji wa dawa ya mikorosho amlipe mwenyewe kutoka hela yake aliyobakiza, na mpaka leo wanavutana nani anunue petroli ya mashine.