VPN ya Guangzhou inapakuliwa Moshi

Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya Guangzhou, China, yakikaribia, ya Aprili au ya Oktoba, simu yangu haitulii: "Dada, naomba jina la ile VPN unayotumia China." VPN ni ile programu ya kukuvusha kwenda mitandao iliyofungwa. Anayeuliza akiwa bado Moshi namjibu vizuri. Lakini kuna wanaouliza wakiwa wameshatua, wamekaa kitandani hotelini Guangzhou, wanaandika meseji ya kawaida kwa laini ya Tanzania kwa sababu WhatsApp haifunguki. Huyo hata nikimpa jina litamsaidia nini? Play Store ni ya Google, na Google kule haipatikani. Apple nayo iliziondoa VPN kwenye duka lake la China mwaka 2017. Mwenye iPhone yenye akaunti ya huku kwetu ana nafuu kidogo, wa Android ndio anahangaika. Hata tovuti nyingi za kampuni za VPN zenyewe zimefungwa. Ipakue Moshi, ilipie Moshi, uijaribu ukiwa Moshi, ndipo uende KIA kupanda ndege ya Addis Ababa.

Kwa wasionijua: nauza mikoba na viatu vya kike, nina kaduka karibu na soko la Mbuyuni. Kaduka ni ka kuonekana tu. Duka lenyewe ni WhatsApp. Wateja wangu wako Himo, Marangu, Rombo, Boma Ng'ombe, mpaka Arusha. Nikiwa sokoni Guangzhou napiga picha, natuma, wanachagua, wananitumia nusu ya hela, nanunua. Sasa WhatsApp ikikata, mimi nabaki mtalii mwenye hela za watu.

Na inakata kweli. China imeifunga WhatsApp tangu 2017. Facebook, Twitter na YouTube zilitangulia mwaka 2009, Instagram na Gmail zikafuata 2014, Wikipedia ya lugha zote ikafungwa 2019. Hii haimaanishi China haina intaneti. Intaneti wanayo, tena ina kasi ambayo huku hatujaizoea. Muuza matunda wa barabarani analipwa kwa kuskani. Ni kwamba wana dunia yao ya mtandao, na sisi tuna ya kwetu, katikati kuna ukuta.

Ukuta wenyewe unafanya kazi kwa njia kadhaa kwa pamoja. Simu yako ikiuliza "Google iko wapi?", inajibiwa anwani ya uongo. Ukiijua anwani ya kweli, njia ya kwenda huko imezibwa. Na hata mawasiliano yakiwa yamefungwa kwa siri, jina la tovuti unayoiendea kwa kawaida huonekana pale mwanzo wa mazungumzo, ukuta ukilisoma tu unakata. VPN ni barua ndani ya bahasha nyingine: kwa nje inaonekana unaongea na seva moja, yaani kompyuta ya mtandaoni, iliyoko, tuseme, Japani, na ile seva ndiyo inayokupeleka WhatsApp.

Tatizo ni kwamba wale jamaa wanazijua bahasha zenyewe. Mitindo ya kawaida ya VPN, kama OpenVPN na WireGuard, ina umbo lake linalotambulika hata kama yaliyomo hayasomeki. Ndiyo maana VPN iliyokimbia vizuri hapa Majengo inafika kule inazunguka tu, inazunguka, haiungi. Tafuta yenye kipengele cha kujifanya mawasiliano ya kawaida ya tovuti, na ukiwasha kipengele hicho uone kinafanya kazi kabla ya safari. Weka mbili za kampuni tofauti. Bunge lao likikaa Machi, au ikikaribia Juni 4, kumbukumbu ya mauaji ya Tiananmen ya 1989, mambo hubana zaidi. Hiyo ndiyo sababu jina ninalokupa leo sikuhakikishii kwa mwezi ujao.

Niwaonyeshe inavyokuwa. Niko soko la ngozi la Baiyun, ghorofani, kibanda kama chumba cha kulala, mikoba imening'inia hadi juu. Nimeshika mkoba wa kahawia. Muuzaji, dada wa makamo, anaandika 68 kwenye kikokotoo, ananigeuzia. Mimi nafuta, naandika 45. Anacheka, anaandika 62. Wakati huohuo mteja wangu wa Rombo, mama mtu mzima ambaye haandiki, anaongea tu, ameshanitumia voisi: "Mwanangu, zipu yake ni ya chuma au ya plastiki? Ile ya mwaka jana iliniachia njiani nikienda ushirika." Ile voisi inaonekana, haifunguki. Nazima VPN, nachagua seva ya Singapore, nawasha. Duara. Nahamia Japani. Duara. Yule dada ameanza kuangalia wateja nyuma yangu. Nikaikwaruza zipu kwa kucha, nikaivuta kwenda na kurudi mara kadhaa, meno ya chuma, haikwami. Nikapiga video fupi, nikaiweka itume yenyewe. Tumefika 54 kwa pisi ishirini ndipo duara likaacha kuzunguka na voisi zikamiminika zote: mama wa Rombo ameghairi kahawia, anataka nyeusi. Nyeusi zilikuwepo, ashukuriwe Mungu.

Ndiyo maana natembea na simu mbili, na hapa ndipo wengi wanapobana matumizi pasipotakiwa. VPN inakurudisha nyumbani, lakini China inakupotezea. Ukiiwasha, programu za Kichina zinasuasua: Alipay inashangaa kwa nini unalipia tambi ukitokea Tokyo, na ile ya kuita teksi haikupati. Ukiizima, Moshi inapotea. Simu moja ibaki na laini ya China, WeChat (ndiyo WhatsApp yao), Alipay ya kulipia na ramani ya Gaode, bila VPN kabisa. Kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya huku siku hizi inaungwa kwenye Alipay, iunge kabla ya safari, maana benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania. Simu ya pili ndiyo ya nyumbani, VPN muda wote. Instagram itakutumia onyo kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka Singapore. Ni wewe huyo, usiogope.

Na ramani ya Google msiitegemee hata VPN ikikubali. China wana vipimo vyao vya ramani vilivyosogezwa makusudi, kwa hiyo nukta yako na barabara havikutani. Mimi imeshanionyesha niko ndani ya Mto Lulu, mkavu, na mfuko wa viatu mkononi.

Kuna njia ambayo haihitaji VPN: laini ya Tanzania ikiwa imewashwa huduma ya kutumika nje ya nchi. Data yake kwa kawaida inarudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani ndipo itoke kwenda intaneti, kwa hiyo ukuta wa China unaiacha ipite. WhatsApp inafunguka kama uko Kiborloni. Shida ni bei. Uliza kabla, na kama kuna bando la nje ya nchi nunua hilo. Mimi ninayo ya dharura, siku VPN zote mbili zikigoma na kuna mtu anasubiri jibu la hela. Laini za kielektroniki za wasafiri (eSIM) nazo nyingi zinapita nje ya ukuta kwa mtindo huohuo. Waifai ya hotelini, hata ya hoteli ya nyota tano, kwa kawaida iko ndani ya ukuta.

Na yule anayewaambia "panda treni nenda Hong Kong, kule kuko wazi" anasema kweli nusu. Hong Kong haiko nyuma ya ukuta, na kwa treni ya mwendo kasi ni kama saa moja hivi. Lakini kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja, ukivuka umetoka, hurudi. Mikoba yako itabaki kwa wakala wa kargo inakungoja.

Sheria? Ipo. Kanuni zao za 1996, zilizorekebishwa 1997, zinataka mawasiliano ya nje yapite kwenye njia zilizoidhinishwa na serikali. Anayekwepa anaweza kuonywa au kupigwa faini hadi yuani 15,000. Wanaoandamwa hasa ni wauzaji. Mwaka 2017 mahakama ya jimbo la Guangxi ilimfunga mtu miaka mitano na nusu kwa biashara ya VPN. Kwa hiyo tumia kwa kazi yako, nyamaza, usimpakulie mwenyeji hata akikuomba kwa tabasamu, na usiitumie kubishana siasa za watu.

VPN za bure siziungi mkono. Maneno yako ya WhatsApp hawezi kuyasoma, yamefungwa tayari, lakini mwenye VPN anaona unaenda wapi na saa ngapi, na seva zinagharimu hela. Kama wewe humlipi, jiulize nani anamlipa.

Najua wengine mtasema VPN mnaijua tangu X, ile Twitter ya zamani, ilipofungwa huku Mei 2025. Sawa, ila ukuta wa huku na wa kule si saizi moja, iliyokutosha hapa inaweza isifike hata kwenye mlango wa kule. Halafu VPN inahitaji intaneti iwepo kwanza: tarehe 29 Oktoba 2025, mtandao ulipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, VPN zilikuwa mapambo kwenye simu. Na TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 la kutaka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao. Lisomeni wenyewe.

Sasa la mwisho, ambalo wafanyabiashara wenzangu hawapendi nikilisema. Ukuta huu unaonisumbua ndio pia unaonilisha. Yule dada wa kikokotoo hana WhatsApp. Wapo wauzaji wakubwa wanaohudumia Waafrika ambao wanazo, kwa VPN zao, lakini wa vibanda vidogo vyenye bei nzuri wako WeChat tu. Wangekuwa wazi kama muuzaji wa Kariakoo, mama wa Rombo angeniitia nini? Kwa hiyo WeChat nimemwekea binti wa dukani peke yake. Haihitaji VPN, kwa hiyo vyote vikizima kule mimi na yeye tunaendelea: picha, bei, nani kalipa. Inasomwa na wakubwa wa kule, najua. Wakitaka kusoma bei za mikoba wasome. Ila mfungulieni mtu wenu kabla hamjaondoka, maana mara nyingi akaunti mpya inataka mtu mwenye akaunti ya muda mrefu amthibitishe kwa kuskani.

Kuna mteja wangu mmoja wa Boma Ng'ombe, mjanja, kila akija dukani ananiomba nimskanie na yeye. Namwambia mtandao unasumbua.