Chumvi ya wiki

Mgonjwa alikuwa mume wangu. Hilo halikuwa na ubishi nyumbani kwetu Shela, Malindi, tangu aliporudi na karatasi ya zahanati: presha iko juu, arudi pamoja na anayempikia. Basi Jumamosi moja ya mwaka 2018 nikavaa buibui langu nikamsindikiza, maneno yangu kuhusu viazi karai vyake vya stendi nimeshayapanga tayari.

Muuguzi akampima yeye kwanza. Kisha akanigeukia, "Na wewe mama, leta mkono."

"Mimi sina presha, sista. Mimi nimemleta huyu."

Akanifunga ule mkanda hivyo hivyo. Ukajaa upepo mpaka vidole vikaingia ganzi. Akatazama namba, akanitazama mimi. Nilikuwa nimempita Baba Zuhura.

Nikalaumu tuktuk, nikalaumu jua, nikalaumu ngazi za zahanati, ambazo ni tatu tu. Akaniketisha, mgongo nimeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na nisiseme neno kwa dakika tano. Kunyamaza dakika tano mbele ya mume anayeuma midomo asicheke si mchezo. Akapima tena: ya juu imepita 140, ya chini imepita 90. Akasema kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, itabidi turudi. Lakini akatuuliza sote wawili, kwa siku mwala chumvi kiasi gani?

Sasa, nani anapima chumvi? Mkono ndio unaojua. Akatuambia Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani asimalize kijiko kimoja cha chai, na ndani ya kijiko hicho imo pia chumvi ya mkate, ya mchuzi mix na ya kachiri za muhogo.

Mume wangu ameendesha lori la chumvi miaka mingi, kutoka Gongoni na Marereni kule yaliko mabwawa ya maji ya bahari, mpaka Mombasa. Kwa mtu aliyeizoea chumvi kwa tani, kijiko kimoja kilikuwa kama tusi.

Hata hivyo, shauri lilitoka kwake. Jioni ile aliingia jikoni, mahali ambapo huwa hakai, akaosha kichupa cha jemu, akaketi mezani. "Mama Zuhura, njoo tuhesabu."

Vijiko 14 vya wiki, wewe saba, mimi saba. Kila kijiko alikisawazisha kwa mgongo wa kisu, na iliyomwagika mezani akaikusanya kwa ukingo wa kiganja na kuirudisha pakitini. Alipomaliza, haikufika hata nusu ya kichupa.

Nikamkumbusha mkate wa dukani. Akanuna, akatoa vijiko viwili. Nikamkumbusha viazi karai. Akatoa kimoja. Akanikumbusha achari yangu ya embe. Hapo tukavutana kweli, maana achari ile naitengeneza mwenyewe na bila yake wali haunishuki. Akatoa viwili, polepole, huku akinitazama usoni. Vikabaki tisa.

Angekuwa mgonjwa peke yake, ningempikia kijungu chake cha kando, naye angekwenda kula kwa watu kwa siri. Waume wa namna hiyo nawajua, dada zangu wameolewa nao. (Baadaye yeye aliandikiwa vidonge na mimi sikuandikiwa, na sijaacha kumkumbusha.)

Siku za mwanzo chakula kilikuwa chapwa. Nikaongeza ukwaju, thomu, ndimu, pilipili mbichi. Papa mkavu nikamlaza majini usiku kucha na kumwaga maji mara mbili, halafu mchuzi wake sikuutia chumvi kabisa. Baba Zuhura alikula kimya, kisha akauliza kama huyo papa alikuwa wa bahari gani.

Ijumaa, baada ya swala, ndugu yake akaja kula. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tonge la kwanza tu, "Shemeji, chumvi!"

Mume wangu akainuka, akakileta kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini kulikuwa na chumvi ya kufunika kucha. "Hii ndiyo ya leo usiku. Kamulia ndimu."

Shemeji akatutazama mmoja mmoja, akakamua ndimu, asiseme kitu. Aliaga mapema.

Kesho yake asubuhi mtoto wake akabisha hodi na mfuko mkononi. Ndani mna pakiti ya chumvi ya kilo nzima, na salamu kutoka kwa babake: tusione haya, siku hizi biashara ni ngumu kwa kila mtu, na tukikwama na unga pia tuseme.