Boti ya jeti inapiga alamu halafu inazima: miezi miwili ya kuhangaika, na swali moja la mzee wa Kunduchi

Naandika hii nikiwa bado na hasira kidogo, maana yule aliyeniambia "kata huo waya wa alamu tu kaka, utapata amani" nilimlipa elfu hamsini. Waya sikukata, namshukuru Mungu.

Boti yenyewe ni ya jeti, futi 19, injini moja ya petroli, used. Haina propela ya nje, inanyonya maji chini ya tumbo kupitia wavu wa chuma, impela (yale mapanga yanayozunguka ndani ya pampu) inayasukuma kwa nguvu yatokee nyuma, ndo mwendo huo. Raha yake unapita mpaka maji ya magotini. Karaha yake ni kwamba ikizima hamna usukani, kwa sababu unageuza kwa yale yale maji yanayotoka nyuma, sasa yasipotoka unageuza nini? Fikiria uko jirani na mwamba wa kisiwa cha Bongoyo hapa Dar, kusi inavuma, umepakia shemeji zako wawili uliowaambia boti hii ni mpya kama ya dukani.

Ilianza hivi. Natoka Msasani vizuri, dakika kama kumi na tano alamu piiiii, taa ya joto nyekundu, injini inajipunguza mwendo yenyewe. Siku nyingine alamu kimya kabisa, ila inakohoa mara mbili inazima, ukikaa dakika kadhaa inawaka kama haijawahi kuumwa. Mafundi watatu wote wakasema kitu kimoja, "inachemka ndo maana inazima", na mimi nikameza. Wa kwanza akaniuzia senza ya joto, laki nne na ushee. Hakuna kilichobadilika. Wa pili akasema mafuta machafu, tukamwaga, tukabadilisha filta ya kutenganisha maji, nikajaza tangi mpaka juu, na siku ile ndo ikazima mapema kuliko siku zote. Hapo jibu lilikuwa mbele ya macho yangu sikuliona, nitarudi.

Wa tatu ndo huyo wa kukata waya.

Nikaamua nijitibu mwenyewe. Nikasema labda njia za maji ya kupoozea zimejaa chumvi, ngoja nizisafishe nyumbani kwa bomba. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Nikaunga mpira, nikafungua maji, afu nikaanza kutafuta ufunguo. Ufunguo haupo. Nikaingia ndani, nikakuta chai, nikanywa chai. Narudi baada ya robo saa napiga stata, inasema "tok", basi. Kumbe kwa injini hizi unawasha KWANZA ndo unafungua maji, na ukimaliza unafunga maji kwanza ndo unazima, vinginevyo maji hayana pa kwenda yanapanda kwenye ekzosi mpaka ndani ya silinda. Nilikuwa nimeizamisha injini nchi kavu, uani kwangu Mbezi Beach!

Ikabidi nichomoe plagi zote nipige stata ili maji yatoke. Shemeji mkubwa katoka msikitini Ijumaa na kanzu yake nyeupe, anainama kuangalia, "sasa hapa unafanya n–" na mimi nimeshabonyeza. Yalitoka maji na masizi na oili kwa pamoja, jamaa akawa kama kapigwa rangi na fundi mlevi. Oili ya injini ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, nikabadilisha mara mbili ndo ikatulia. Kanzu haikutulia mpaka leo.

Haya, alamu. Maji yamekupwa, boti iko kwenye mchanga, nimechomoa ile kamba ya usalama, ambayo ikitoka injini haiwaki, kabla sijaingiza mkono (usije ukasahau hiyo, impela haina huruma), nikapapasa nyuma ya wavu. Nikavuta nyuzi za kiroba, zile za salfeti, zimejisokota kwenye shafti zimekuwa ngumu kama kamba ya katani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 ila bahari bado haijapata barua. Uchafu ukikaa pale pampu inakosa nguvu, na maji ya kupoozea injini yanatoka kwenye pampu hiyo hiyo, ndo joto linapanda. Dalili nilikuwa nayo siku zote, injini inapiga kelele boti haisogei, nikadhani ni mzigo. Halafu kale kamkojo ka maji ya kupoozea kanakotoka pembeni kalikuwa kembamba, nikachokonoa na waya, ukatoka mchanga, huo niliuvuta mwenyewe kisiwani Mbudya nikijionyesha kwenye maji mafupi wakati wa kupwa. Alamu ikaisha. Senza ya zamani haikuwa na tatizo lolote.

Kuzima kukabaki pale pale.

Ikazima tena nje ya Kunduchi, nikavutwa na mzee mmoja wa ngalawa yenye mashine, elfu sabini baada ya kubembelezana. Nikamwamkia, akaitika, akaangalia boti, akaniuliza, "Mwanangu, tangi lako linapumulia wapi?" Nikamjibu mzee hii ya kisasa, haina mambo hayo. Akanyamaza. Wao wana lile tangi la mkononi, mfunikoni kuna kiskrubu, usipokilegeza mashine inazima, kila mtoto wa pwani anajua.

Usiku sikulala. Tangi likijaa inazima mapema, likiwa nusu inachelewa... likijaa hewa ni kidogo, petroli ikivutwa na hewa haiingii, tangi linajibana mpaka pampu ya mafuta inashindwa! Kesho yake nikaenda kusudi, ikakohoa, nikafungua mfuniko wa mafuta, "fsssss", ikawaka papo hapo. Nilipiga kelele peke yangu baharini kama Simba kafunga Yanga dakika ya tisini.

Tundu la kupumulia lipo ubavuni, kidude cha kung'aa ambacho mimi nilidhani ni pambo. Ndani nyigu, wale wembamba wa kujenga vijumba vya udongo ukutani, kafanya mji wake. Nilitoa na waya wa hanga, dakika tano, shilingi sifuri. Nimefunika na kipande cha chujio la chai, hewa inapita nyigu hapiti.

Mzee nilimpelekea petroli lita ishirini, kazipokea bila kushangaa hata kidogo. Ile senza mpya ipo kwenye droo, nzima kabisa, kama kuna mtu anaitaka tuongee.