Kabla ya Kumuuliza Mtoto "Kwa Nini"

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikialikwa kuzungumza na wazazi na walezi kuhusu usalama wa watoto mtandaoni, na nikiri mapema kwamba mazungumzo yangu ya mwanzo yalikuwa mabovu. Nilikuwa nikifika na orodha ya programu za kuogopwa, nikieleza jinsi ya kufunga hiki na kuzuia kile, nikisimulia mikasa ya kutisha hadi ukumbi mzima ukanyamaza, kisha nikiwahimiza wazazi wakaze kamba. Watu walinipigia makofi, nami nilirudi nyumbani nikiamini kwamba kazi nimeifanya.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja aliyenisubiri mlangoni baada ya kikao. Alinieleza kwamba binti yake alimwendea usiku akilia, akamwambia kuna mtu waliyezoeana katika mchezo wa mtandaoni ambaye sasa anamtishia kwa picha. Mama huyo alifanya yote ambayo mimi nilikuwa nimetoka kuyasifu ukumbini: alimnyang'anya mtoto simu, akavunja laini, akafuta akaunti zote, akamgombeza kwa ukaidi wake na kuapa kwamba hatashika simu tena mpaka amalize shule. "Sasa haongei nami," alisema, "na yule mtu simjui hata jina." Ushahidi wote ulikuwa umekwenda na maji, na mtoto aliyepata ujasiri wa kusema mara moja alikuwa amejifunza kutosema tena.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba elimu ya usalama mtandaoni tunayoihitaji katika jamii ni ya watu wazima kwanza, na kiini chake ni zile dakika chache zinazofuata baada ya mtoto kufungua kinywa. Ili kuelewa kwa nini dakika hizo zina uzito kiasi hicho, ni lazima tuelewe jinsi mtu anayewarubuni watoto anavyoifanya kazi yake.

Mtu wa namna hiyo haanzi kwa vitisho. Huwatumia watoto wengi ujumbe kwa wakati mmoja, kisha huendelea na yule anayejibu. Anachompa mtoto mwanzoni ni kitu ambacho watoto wengi wana njaa nacho, yaani mtu wa kuwasikiliza: humsifu, hukumbuka alichosema juzi, humtetea anapolalamika kuhusu wazazi wake, na pengine humpa zawadi ndogo kama vile sarafu za mchezo au muda wa maongezi. Baada ya hapo humtoa mahali penye macho ya watu na kumhamishia kwenye mazungumzo ya faragha, mara nyingi katika programu nyingine ambayo ujumbe wake hujifuta wenyewe. Kisha humjaribu kwa siri ndogo, kwa mfano kwamba asimwambie yeyote kuwa wanazungumza. Siri hiyo haina ubaya wowote kwa macho ya mtoto, lakini akiitunza, mrubuni amekwisha kupima ukuta uliopo kati ya mtoto huyo na watu wa nyumbani kwake. Picha huja baadaye, na ikishatumwa moja, sauti ya mazungumzo hubadilika: "Wazazi wako wakiiona hii, watakufanya nini?"

Swali hilo lina nguvu kwa sababu mtoto analijua jibu lake. Amekwisha kuona jinsi tulivyomzungumzia mtoto wa jirani. Mrubuni hana fimbo, hana mlango wa kumfungia mtoto ndani, na pengine yuko nchi nyingine kabisa. Silaha aliyonayo ni hasira yetu, ambayo ameiazima bila sisi kujua.

Njia hiyo ya polepole huweza kuchukua wiki au miezi. Upo ulaghai mwingine ulio wa kasi zaidi, unaowalenga hasa wavulana wa umri wa balehe, ambao mlaghai hujifanya msichana wa rika lao, hutuma picha ya mtu mwingine akidai ni yake, huomba naye atumiwe, na ndani ya saa chache, pengine dakika, hudai pesa huku akionyesha orodha ya marafiki na ndugu atakaowasambazia. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, limetoa tahadhari mara kadhaa kuhusu ulaghai huu, na wapo wavulana walionaswa wakajiua. Anayelipa hapati nafuu, kwa kuwa malipo ya kwanza humthibitishia mlaghai kwamba huyu analipa, na dai la pili hufuata. Wazazi wengi niliokutana nao huwalinda binti zao kwa macho manne na kuwaacha wavulana wajitafutie, kana kwamba aibu haiwapati.

Siku hizi hata swali la "kwa nini ulituma" limeanza kukosa mantiki. Kwa programu za akili mnemba, picha ya kawaida ya uso wa mtoto, ile ambayo pengine sisi wenyewe tuliibandika kwenye ukurasa wetu siku ya kuzaliwa kwake, inaweza kugeuzwa kuwa picha ya utupu bila mtoto huyo kutuma chochote kwa yeyote. Mtoto wa namna hiyo akija kwetu akitetemeka, tutamuuliza nini?

Nimefikiri sana pia kuhusu maneno yetu. Katika Kiswahili cha kila siku picha hizi tunaziita "picha chafu", na mtoto aliyetendewa tunasema "ameharibiwa", au baya zaidi "ameharibika", kitenzi ambacho kimemfuta mtendaji na kumwachia mtoto uharibifu kama kwamba ulitoka ndani yake. Wengine husema "amejidhalilisha". Mtoto anayasikia maneno hayo miaka mingi kabla hajafikwa na jambo lolote, na siku likimfika huwa amekwisha kupewa jina la hali yake: chafu, iliyoharibika. Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inayohusu uuzaji wa watoto bado ina neno "ponografia" katika jina lake, lakini mwaka 2016 kundi la mashirika ya kimataifa lilipitisha mjini Luxembourg mwongozo wa istilahi unaoshauri neno hilo liepukwe, kwa hoja kwamba ponografia huwafanya watu wafikirie watu wazima walioridhia, ilhali mtoto hana anachoweza kuridhia hapo. Mwongozo unapendekeza tuseme picha na video za unyanyasaji wa kingono wa watoto. Ni jina refu, nakubali, wala halitamkiki kwa wepesi katika kikao cha jioni, lakini linamweka mtenda kosa mahali pake.

Tunapenda pia kumwambia mtoto asiongee na watu asiowajua. Ushauri huo si mbaya, ila haufiki mbali. Utafiti mkubwa uliofanywa na UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto) na shirika la polisi wa kimataifa, INTERPOL, katika nchi 13 za Afrika na Asia ulionyesha kwamba mara nyingi anayemtendea mtoto haya ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimfahamu tayari, na kwamba watoto wachache sana hupeleka habari polisi au kwenye namba za msaada. Wakisema, humwambia rafiki au ndugu wa rika lao. Kwa hiyo mafunzo yanayomwonyesha mtoto picha ya mgeni mwenye kofia gizani yanamwacha bila neno la kumwelezea mjomba anayemtumia ujumbe usiku. Nalo lile la rafiki kuwa wa kwanza kuambiwa linapaswa kubadilisha mipango yetu: kijana wa miaka 15 anahitaji kujua la kufanya rafiki yake anapomnong'oneza siri kama hiyo, kwa sababu uwezekano ni mkubwa kwamba atanong'onezewa yeye kabla yetu.

Jambo linaloniudhi kuliko yote katika vikundi vya wazazi ni tabia ya kusambaza. Hutokea hivi: video ya mtoto akidhalilishwa inaingia kwenye kikundi, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba tuisambaze hadi mhalifu apatikane. Watu wema, wenye uchungu wa kweli, wanaituma katika vikundi vingine vitano, na kufikia jioni mtoto huyo ameonekana na maelfu ya watu, wakiwemo wanaotafuta video za namna hiyo na kuzihifadhi. Katika nchi nyingi kuwa nazo au kuzituma ni kosa la jinai, na nia njema si kinga ya uhakika. Ikikufikia, usiitume kwa mtu mwingine, hata kwa lengo la kuonya. Toa taarifa polisi na kwa kampuni yenye mtandao huo, kisha mwambie mwendesha kikundi aiondoe. Nimewahi kuondolewa katika kikundi kimoja kwa kulisema hili kwa ukali kupita kiasi, na sijutii.

Kuziondoa picha zilizokwisha kutoka ni vigumu, lakini si kazi ya bure. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft pamoja na mtaalamu wa picha za kidijitali, Hany Farid, walitengeneza mbinu iitwayo PhotoDNA, inayoigeuza picha kuwa mfululizo wa tarakimu ulio mfano wa alama ya kidole, ili nakala yake itambulike popote inapopandishwa hata ikiwa imepunguzwa ukubwa kidogo. Kwa wazo linalokaribiana na hilo, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC, kilitangaza rasmi mwaka 2023 huduma ya Take It Down: mtu ambaye picha yake ya utupu ilipigwa kabla hajafikisha miaka 18 anaweza, bila kutaja jina, kutengeneza alama hiyo katika simu yake mwenyewe, na alama pekee ndiyo inayotumwa kwa kampuni zilizojiunga. Picha yenyewe haiondoki kwenye simu. Huduma hiyo haifanyi kazi katika mitandao ambayo haikujiunga, wala katika mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, yaani yasiyoweza kusomwa hata na kampuni yenyewe, lakini nimeona sura ya kijana ikibadilika alipoambiwa tu kwamba ipo, kwa sababu alikuwa ameaminishwa kwamba jambo lake halina tiba.

Wazazi huniuliza kila mara umri wa kumruhusu mtoto kufungua akaunti, wakinitajia miaka 13 kama kwamba ni hukumu ya madaktari. Umri huo umetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila ridhaa ya wazazi. Ni sheria ya taarifa binafsi, na haikupima ukomavu wa mtoto yeyote. Wengine wako tayari baadaye sana, na wengi wamekwisha kudanganya umri wao hata hivyo.

Sasa vikao vyangu vinaanzia pale nilipokuwa nikimalizia. Ninawaambia wazazi kwamba mtoto akija na habari hizi, kazi ya kwanza ni kukaa chini na kushusha sauti, kumwambia kwamba amefanya vizuri kusema na kwamba mwenye kosa ni aliyemtishia. Hasira ipo na ni haki yetu. Tuipeleke chumba kingine. Baada ya hapo simu isifutwe kitu. Andika jina la akaunti, anwani ya ukurasa, namba iliyotumika, tarehe na madai ya malipo, na upige picha ya skrini ya maneno ya vitisho, lakini picha yenyewe ya mtoto usiinakili wala kumtumia mtu. Ibaki ilipo hadi polisi waione. Usilipe, na usijifanye mtoto ili kumnasa mlaghai, kwa kuwa ukimshtua atafuta nyayo zake. Akaunti ya mlaghai itolewe taarifa na kuzuiwa baada ya hayo kuhifadhiwa. Nchi nyingi zina namba ya bure ya msaada kwa watoto, na Kenya, Tanzania na Uganda zote zinatumia 116. Na usiku huo mtoto asilale peke yake na mawazo yake, hasa kama ametishiwa kwamba picha zitatoka asubuhi.

Kuhusu simu, ninawaomba wasiinyang'anye kama adhabu. Mtoto akijua kwamba gharama ya kusema ni kupoteza simu, atapiga hesabu, na mara nyingi hesabu hiyo itampa mlaghai siku nyingine kumi. Kupumzika mtandaoni kwa makubaliano ni jambo jingine, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuliomba.

Halafu tunafanya zoezi ambalo mwanzoni watu hulicheka. Ninawaomba wazazi wawili wawili wakae wakitazamana, mmoja awe mtoto, mwingine aseme kwa sauti: "Umefanya vizuri kuniambia." Ni sentensi ya maneno matatu, na ninaweza kushuhudia kwamba ni ngumu kuliko mipangilio yote ya simu. Katika kikao cha karibuni baba mmoja aliisema vizuri, akavuta pumzi, akaongeza, "lakini". Ukumbi ukacheka, naye akacheka. Akarudia, na "lakini" ikatoka tena, safari hii kwa sauti ndogo. Mara ya tatu aliifumba midomo yake baada ya neno la mwisho na kuishikilia hivyo, huku akimtazama mwenzake aliyekuwa akiigiza mtoto, hadi yule mwenzake akaanza kuzungumza.