Nani Anachokoa Pweza Mwaka 2894?

Tovuti yangu haina makubwa. Ni jedwali la maji tu: yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, bamvua (siku za maji kujaa na kukupwa sana) lini, kwa miji 6 ya pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara. Niliitengeneza kwa ajili ya mjomba wangu na wenzake wanaokwenda mwambani kuchokoa pweza. Siku za kawaida huingia watu 40 au 50, bamvua ikikaribia wanafika 100 na ushei.

Asubuhi ya tarehe 9, wenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti yangu, wakanitumia ujumbe: nimeshamaliza asilimia 90 ya data ya mwezi mzima. Nikafungua takwimu, nikakuta kurasa 62,000 zimesomwa kwa usiku mmoja. Siwafichi, nilifurahi. Nilidhani kuna mtu kaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Nikampelekea picha ya skrini kijana ninayefanya naye kazi, akajibu maneno matatu: "Hizo ni boti." Mimi mtu wa pwani, boti ninazozijua zina mashine nyuma na zinanuka samaki. Kumbe alimaanisha roboti, zile programu zinazotambaa mtandaoni zikisoma kurasa za watu.

Ilibidi nifungue logi ya seva, daftari linaloandika kila ukurasa ulioombwa, nisome mstari kwa mstari. Kwetu maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, kwa hiyo wageni wangu hujazana alfajiri. Hawa walianza saa 5 usiku, kurasa 3 kila sekunde, bila kupumua. Na kosa lilikuwa langu. Kila ukurasa niliuwekea kitufe cha "mwezi ujao". Binadamu hukibonyeza mara mbili akaridhika. Roboti haichoki: inabonyeza, inapata mwezi mwingine wenye kitufe kingine, inabonyeza tena, na programu yangu kwa utiifu wa kijinga inazidi kupiga hesabu za mwezi na jua. Mstari wa mwisho ulikuwa unaomba maji ya Pangani, Machi 2894.

Nikaanza na faili ya robots.txt, utaratibu alioubuni Martijn Koster mwaka 1994, ambamo unaandika roboti zisipite wapi. Ni kibao tu, si ukuta. Roboti mbili zilitii ndani ya siku moja. Ya tatu ikapita kama haijui kusoma.

Basi nikaweka kikomo: anwani moja ya IP, namba inayoonyesha ombi limetoka wapi mtandaoni, ikiomba kurasa zaidi ya 20 kwa dakika, seva iirudishe na jibu la 429, yaani umeomba kupita kiasi. Hapo ndipo nilipoharibu. Siku ya bamvua, saa 12 asubuhi, simu ya mjomba ikaita. Sijamaliza hata shikamoo.

"Mpwa wangu, hii kitu yako inaniambia nimeomba mno. Mimi nimeomba nini?"

Nilichosahau ni kwamba mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa seva yangu, wavuvi wote wa kule walikuwa mtu mmoja mwenye kiherehere. Na ile roboti niliyokuwa naiwinda? Ilikuwa inabadilisha anwani kila baada ya maombi machache, kikomo hakikuigusa. Nikamtajia mjomba saa za maji kwa mdomo, nikaondoa kikomo, nikaenda kunawa uso.

Jioni ile nikakokotoa miezi 24 kwa miji yote 6, nikapata kurasa 144, nikazihifadhi kama faili za kawaida, kila moja kilobaiti 9 hivi. Seva haipigi tena hesabu, inachukua faili na kuitoa. Ukifika mwezi wa mwisho hakuna kitufe. Anayeomba zaidi ya hapo anapewa 404, yaani ukurasa haupo. Kazi ya saa mbili, na wiki nzima nilikuwa nahangaika na makufuli.

Wapo pia wanaobisha usiku kucha kwenye wp-login.php, mlango wa kuingilia wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti ambayo mimi situmii. Hao wabishe tu.

Ile ya tatu bado inakuja. Juzi ilianzia pale ilipoishia, ikaomba Aprili 2894, ikapewa 404 yake. Siku hiyo mjomba alirudi na pweza wanne.